Njooni kwa Barabara

Buyenzi, Avenue ya Kumi na Nne,
Bujumbura, Burundi.
Tarehe 14 Juni 2005

Mpendwa mdogo wangu Raihana,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Mohamadi na watoto wote wawili. Hamimu je, kile kikohozi kimemwachia? Na Zulfa ameanza kutambaa sawasawa, au bado anajiburuta kwa tumbo kama ulivyoniambia? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake haujaugua hata siku moja. Mume wangu Ilyasi yuko bandarini kila siku na makaratasi yake ya forodha. Twalibu wangu ametimiza miaka mitano na anajiona ndiye mwenye nyumba. Sakina wako naye ni mzima, shuleni anafanya vizuri, na amerefuka mpaka nguo za Idi iliyopita zimemkataa.

Raihana, mnakuja! Acha niliandike tena, mnakuja! Tangu ulipopiga simu Ijumaa sijatulia. Nimemwambia fundi cherehani wa pembeni, nimemwambia muuza mkaa, nimemwambia mke wa imamu, na Ernestine, jirani yetu yule muuguzi wa hospitali ya Kamenge, anasema hakuhitaji kuambiwa, maana alinisikia nikipiga kelele akiwa chumbani kwake. Kwenye simu wewe ulipayuka, mimi nikapayuka, laini ikakatika, na hakuna kilichoeleweka isipokuwa furaha. Ndiyo maana nakaa chini niandike. Rénovat, dereva wa lori aliyeniletea barua yako ya mwezi uliopita, anarudi Kigoma kesho, na ameapa atakukabidhi hii mkononi.

Katika barua yako umeuliza mambo mengi: meli au gari, chakula gani, dawa gani, watoto walale wapi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kana kwamba hutaki niione, umeuliza kama Sakina, mwanao uliyetuachia, atakukataa. Nimeiona, bibie. Miaka kumi imepita tangu mlipovuka kwenda Uvira, kabla ya kuhamia Kigoma, mitaa ikiwaka moto, yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, kalala kwa Mama na surua, hawezi kusafirishwa, na sisi sote tukidhani ni jambo la wiki moja. Swali lako nitalijibu, wala sitalikimbia. Lakini kwanza niwafikishe hapa wazima, maana mama anayeshuka garini na watoto wanaoharisha hana nafasi ya kupendwa na mtu.

Basi, meli. Usipande. Najua kuna maboti ya mizigo yanayotoka Kigoma, na najua mwenye boti atakuambia kuna nafasi nzuri kabisa kwa mama na watoto. Nafasi yenyewe ni juu ya mifuko ya saruji. Kiangazi hiki upepo wa ziwa unavuma kutoka kusini, boti linalala upande huu na upande ule usiku kucha, na hakuna ukuta wa kumzuia mtoto anayetambaa. Nilimuuliza Ilyasi, na wewe unamjua, yeye bandari ndiyo mapenzi yake, akiongea habari ya maboti utadhani anaongea habari ya ng'ombe zake. Aliweka kikombe chini akaniambia, "Mi batoto yangu siwezi kuwapandisha mule." Nikaona sina la kuongeza.

Kwa hiyo njooni kwa barabara. Kigoma mpaka Manyovu, mvuke mpaka, Mabanda, halafu mteremke mpaka Nyanza-Lac. Hapo mlale. Tafadhali usijifanye shujaa ukataka kufika Bujumbura siku hiyo hiyo. Barabara ya kando ya ziwa inafunguliwa asubuhi, askari wakishaipitia yote kutafuta mabomu, na alasiri inafungwa tena. Ukichelewa unabaki kwenye kizuizi na watoto wanaolia njaa, na dereva anayejisemea mwenyewe. Wifi yangu Maua ana nyumba karibu na soko la Nyanza-Lac, nimeshamtumia salamu, anawasubiri. Ana tabia ya kumlisha mgeni mpaka aombe msamaha. Mvumilie.

Na msije wiki ya kura. Huku tumeshachagua madiwani wa komine, na mwanzoni mwa Julai tunachagua wabunge. Watu wana matumaini, Raihana, hata mimi ninayo, nasema wazi. Lakini siku za kura mipaka inaweza kufungwa, na magari yanakuwa machache. Acheni kura zipite, shule zifungwe, halafu mje.

Asubuhi mkitoka kwa Maua, mtakuta magari yamepanga mstari yanangoja barabara ifunguliwe. Hapo ndipo watoto wanaposumbua, maana gari limesimama na joto linapanda. Washushe, wanyooshe miguu, wakojoe. Lakini wakojoe hapo hapo kando ya gurudumu, wasiingie majanini hata kidogo. Usione haya, kila mtu anafanya hivyo. Nje ya lami hatujui nini kimefukiwa, na mtoto haoni tofauti ya nyasi na nyasi. Mimi Twalibu nilimfunga kwa khanga kiunoni mwangu, akalalamika, nikamwacha alalamike.

Ndani ya gari chagua upande wa ziwa. Mkitoka Nyanza-Lac asubuhi, jua linapiga upande wa milima, na wanaokaa huko wanafika wamechemka. Upande wa ziwa kuna kivuli na kuna vitu vya kumwonyesha mtoto. Usikubali kiti cha mbele karibu na dereva hata wakikubembeleza kwamba ni cha heshima. Wala usikae kiti cha mwisho, maana kule ndiko wanakosukuma mizigo, na kuna wakati utajikuta umepakata jogoo wa mtu.

Sasa nguo. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu najua tulivyolelewa. Kwetu Buyenzi mtu hafiki mahali amevaa ovyo, na watoto lazima wateremke wanang'aa ili majirani waone. Mimi nilipotoka kwa Maua mwezi wa nne, nilikwenda kwenye akika ya mtoto wake, nilimvalisha Twalibu kanzu nyeupe ya Idi na kofia yake ya kudarizi, tufike kwetu kwa fahari. Nilisahau kwamba gari linapita Rumonge. Na Rumonge, mdogo wangu, hakuna abiria anayepanda bila dumu la mawese. Dumu moja likawekwa miguuni petu, kifuniko chake kikiwa ni kipande cha ganda la ndizi. Kwenye kona ya kwanza lilianza kutema. Twalibu alishuka Buyenzi ana rangi ya karoti kuanzia kifuani mpaka kwenye ndala, na avenue nzima ilikuwa nje, kama kawaida yake. Mpaka leo wanamwita Mawese. Kwa hiyo wavalishe nguo za rangi nzito, nguo za kuchakaa, na zile nzuri zifunge katika mfuko wa plastiki juu kabisa ya sanduku. Maua atakupa maji muoge kabla ya kutoka, inatosha.

Sweta usisahau. Utacheka, joto la Kigoma na la Bujumbura ni moja, lakini kule Manyovu ni milimani, na asubuhi mtoto anatetemeka. Zulfa mfunge mgongoni kwa mbeleko mbili, moja ya kubeba na moja ya kumfunika kichwa kwa vumbi.

Chakula kiwe kikavu. Ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga kwa Hamimu, mkate bila siagi. Mayai waache, gari zima litajua. Maziwa waache pia, Zulfa umnyonyeshe tu. Njiani watakuletea samaki wetu wa ziwani, mukeke wa kuchoma, dirishani, una harufu ya kumtoa mtu roho, nunua ule wewe mwenyewe lakini Hamimu usimpe, miiba na gari linaloruka mashimo havipatani. Na soda usimpe kabla ya safari. Nilimpa Twalibu Fanta ili anyamaze, akanyamaza mpaka tulipofika kwenye kona, kisha ikarudi yote juu ya mzee mmoja mstaarabu sana, ambaye alisema si kitu, akaenda kukaa kwingine.

Ernestine anasema hivi, na nimemwahidi nitaandika kama alivyosema: maji yachemshwe usiku wa kabla ya safari na yapoe kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, ubebe sukari na chumvi za kutengeneza maji ya dawa ya kuharisha, ubebe kadi za kliniki za watoto wote wawili, na chandarua kisibaki Kigoma. Nyanza-Lac mbu wake hawana salamu. Hamimu akipata homa njiani usingoje kufika kwetu, pale Rumonge kuna hospitali, shuka.

Kwenye vizuizi, mkiulizwa, semeni ukweli. Unajua miaka hii sote tulizoea kusema tunakwenda harusini au matangani, kwa sababu hakuna askari anayependa kumzuia mtu wa harusi. Basi na mimi, wakati wa kwenda kwa Maua, nikamfundisha Twalibu tangu nyumbani: ukiulizwa, sema ndoa. Sijui hata kwa nini, akika si jambo la kuficha, ni mazoea tu. Tukafika kizuizini, askari akainama dirishani akamuuliza mtoto, "Munaenda wapi?" Twalibu akajibu kwa sauti, "Ku ndoa." Askari akauliza ndoa ya nani. Yule mtoto akanigeukia mbele yake, "Mama, ndoa ya nani?"

Raihana, nikamwambia yule askari ukweli wote, akika, nywele za mtoto, mbuzi, hata jina la mtoto nikamtajia. Alikuwa Mkristo, hakuwa amesikia habari ya akika, akataka nimweleze vizuri, na watu wote garini wakawa wanasaidia kumweleza. Mwisho alicheka akasema wakati wa kurudi tusimsahau na mguu wa huyo mbuzi. Nilibahatika. Wewe una hati zako, una watoto wako, unakwenda kwa mama yako mzazi. Hilo halihitaji kutengenezewa maneno.

Kingine kidogo lakini muhimu: huku magari yanakwenda upande wa kulia. Hamimu amezoea ya Kigoma, ataangalia upande usiofaa kisha akimbie. Ukishavuka mpaka, mkono wake uwe ndani ya mkono wako mpaka nitakapoupokea mimi.

Mama naye ana lake. Anataka ushone kitambaa ndani ya nguo ya kila mtoto, kiandikwe jina lake, jina la baba yake, na avenue yetu. Nilimwambia Mama, watoto wako na mama yao, watapotelea wapi? Akasema mwaka wa tisini na tano kila mtoto alikuwa na mama yake. Sikubishana naye, na wewe usibishane. Shona.

Sasa nakuja kwenye swali lako.

Sakina anajua kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Hatukumficha hata siku moja, picha yako iko ukutani na kila Idi tunamwonyesha. Lakini unajua nyumba ilivyo. Mtoto alianza kusema akiwa mikononi mwa Mama, akasikia sisi sote tunamwita Mama, naye akamwita Mama. Mimi ni mama mkubwa, hilo halina tabu. Wewe ulikuwa Raihana wa kwenye picha. Si kwa ubaya. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeshachukuliwa.

Jumamosi, siku moja baada ya simu yako, tulikuwa tunakula. Sakina akasema kama anavyosema kila siku, "Mama, unipatie maji." Mama hakuitika. Nikadhani hajasikia. Mtoto akarudia. Mama akaendelea kumega ugali, hata hakuinua macho, kisha akasema polepole, "Mama yako iko njiani anakuja. Mi ni bibi yako."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kabisa. Mtoto alikuwa amebaki na mkono hewani. Lakini nikaona Mama ule ugali anaumega tu, hauli, umejaa vipande mbele yake. Baadaye nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini amfanyie hivyo ghafla. Akaniambia lile jina alikuwa anakushikia tu, na mwenyewe ukifika ulikute halina mtu. Akasema ni afadhali Sakina alie sasa hapa kwetu kuliko akuite wewe dada mbele ya watu. Mimi nililia, Raihana. Mama hakulia, alinituma chumvi.

Tangu siku hiyo Sakina hajamwita Mama kitu chochote, si mama, si bibi. Akitaka kitu anakwenda kusimama karibu nacho mpaka umwone. Juzi jioni alinijia uani nikianua nguo, akauliza, "Mama mukubwa, mi nitamuita namna gani? Sauti yake siijui." Mimi Kudra, niliyekuandikia kurasa hizi zote za ushauri, nilimpa tu ncha ya shuka tuikunje pamoja.

Kwa hiyo sikia ombi langu. Ukishuka, mwamkie Mama kwanza. Zulfa mpe Mama ampakate. Sakina usimrukie, usimlilie shingoni, na wanawake wa avenue nimeshawaonya wasimsukume mbele wala wasipige vigelegele mpaka mimi nianze. Mwache aje kwa miguu yake. Na habari ya kumchukua kwenda naye Kigoma, wewe na Mohamadi iwekeni pembeni kwanza. Mama hajaiuliza, lakini najua anaifikiria kila akimsuka nywele. Kaeni, mle, mcheke, mtoto awazoee. Tutaongea tukiwa tumeshakuwa watu wa nyumba moja tena.

Nilikuwa nimefika hapa asubuhi hii, niko mkekani, nikataka kufunga barua. Sakina akaja na ndoo yake akasimama nyuma yangu. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akataka nimsomee, nikamsomea habari za safari, boti na barabara na mayai na dumu la mawese, yake nikayaruka. Alicheka kidogo nilipofika kwenye kanzu ya Twalibu. Nilipomaliza alikwaruza mkeka kwa kidole cha mguu. Kisha akaniambia kuna kitu nimesahau. Nikamuuliza kitu gani.

"Umuambie mama asishukie ku soko. Pale watu ni wengi, batoto wanapoteaka. Amuambie dereva aendelee mpaka ku musikiti. Mi nitakuwa pale."

Akachukua ndoo akaenda bombani. Ni mara ya kwanza, Raihana, namsikia akikuita hivyo. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele, na alisikia. Maneno nimeyaandika kama yalivyomtoka, sikuongeza wala sikupunguza. Basi umesikia mwenyewe: usishuke sokoni. Mwambie dereva akufikishe msikitini, kuna mtu anakungoja.

Msalimie sana shemeji Mohamadi, mwambie kwamba Ilyasi ana injini ya pikipiki imekufa inamngoja yeye. Mbusu Hamimu, mbusu Zulfa miguuni. Mama anakupa salamu na dua, Maua wa Nyanza-Lac anakupa salamu, Ernestine naye, na Twalibu Mawese anamwambia Hamimu kwamba gurudumu lake la kuchezea ni lake, lakini atamwazima. Mwenyezi Mungu akufungulieni njia, akuwekeeni askari wema na madereva wasio na haraka, na akufikisheni wote, wadogo kwa wakubwa, mlangoni petu.

Wako akupendaye, anayefagia ua mara mbili kwa siku kwa ajili yako,
Dada yako Kudra